Springi Ngumu, Springi Imara, Springi Kakamavu: Uhakiki wa Istilahi Tatu

Istilahi hupimwa mahali inapofanyiwa kazi. Neno laweza kupendeza likiwa katika orodha, likapitishwa bila ubishi, kisha likashindwa siku ya kwanza linapotiwa katika maagizo ambayo mtu anatarajiwa kuyafuata akiwa na spana mkononi. Katika makala haya tumekusudia kuchunguza maneno matatu ambayo wafasiri wetu huyabadilisha moja kwa jingine kana kwamba maana yake ni moja, nayo ni ugumu, uimara na ukakamavu. Ili mjadala usielee hewani, tumechagua sentensi moja tu ya ufundi wa magari, inayotoka katika fani yenye wapenzi wengi huko Marekani: ufufuaji wa magari ya zamani yenye injini kubwa.

Sentensi yenyewe, kwa maana yake, yasema hivi: mwenye gari la namna hiyo akitaka lisimame chini zaidi kuliko lilivyotoka kiwandani, basi achague springi za mbele ambazo hazibonyei upesi kama zile za awali. Kwa Kiswahili twaweza kukutana na tafsiri za namna tatu:

(a) “Ukishusha gari la misuli la kale, weka springi ngumu zaidi mbele.”
(b) “Ukishusha gari la misuli la kale, weka springi imara zaidi mbele.”
(c) “Ukishusha gari la misuli la kale, weka springi zenye nguvu zaidi mbele.”

Zote tatu hazina kosa la sarufi. Hata hivyo, hoja yetu ni kwamba hakuna hata moja inayomfikisha msomaji salama, na kwamba dawa yake si kutafuta neno tamu zaidi, bali ni kuuliza kwanza kitu gani kinapimwa.

Jina la gari

Tuanze na jina la gari, maana kosa lake ni jepesi kulionyesha. Mnamo mwaka 1964 Pontiac walitoa gari lililoitwa GTO. Lilikuwa la kadiri kwa ukubwa, lakini lilitiwa injini ya silinda 8 yenye ujazo wa inchi 389 za ujazo, yaani karibu lita 6.4. Wengine wakafuata. Chevrolet walianza kuuza Camaro mwezi Septemba 1966, kama gari la mwaka 1967, na Camaro iliyotiwa injini kubwa ikahesabiwa katika kundi hilo hilo. Magari hayo yalistawi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo sheria za moshi, gharama za bima na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 vilipunguza soko lake. Wamarekani waliyapa jina linalotokana na misuli, kwa kuwa misuli kwao ni picha ya nguvu za kijana.

Mfasiri aandikaye “gari la misuli” ameleta neno bila kuleta picha. Mswahili akiambiwa gari la misuli atafikiri mkokoteni, maana hilo ndilo gari linalokwenda kwa misuli. “Gari la mabavu” lingekaribia zaidi, lakini mabavu yana harufu ya uonevu. Sisi tutasema “gari la nguvu”, na linapotajwa mara ya kwanza tutaongeza maelezo kama tulivyofanya hapa. Kadhalika, kale ni zama za mababu, ilhali gari la mwaka 1969 ni la zamani tu. Tena tusiliite kuukuu, kwa sababu kuukuu ni chakavu, na mwenye gari lililofufuliwa kwa gharama hatafurahi kulisikia neno hilo. Ama “kushusha gari”, msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataelewa mara moja kwamba gari limetolewa melini. Lugha yetu inalo neno kimo, ambalo ni urefu wa mtu au mnyama akiwa amesimama, nalo lafaa sana kwa gari lisimamalo juu ya magurudumu yake. Basi tuseme “kupunguza kimo”.

Makosa hayo yanachekesha, lakini hayadhuru. Kosa la springi ni la namna nyingine.

Kazi ya springi ya mbele

Katika Camaro za mwaka 1967 hadi 1969 kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu mfupi na wa chini mrefu. Springi, ambayo ni waya nene ya chuma iliyozungushwa, imesimama baina ya mkono wa chini na fremu. Wenye magari hayo hupunguza kimo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sura. Ya pili ni kwamba uzito wa gari ukisogea karibu na barabara, gari haliinami sana katika kona.

Faida hiyo ina gharama yake. Juu ya gurudumu pana nafasi ya kupanda linapokutana na tuta au shimo, na mwisho wa nafasi hiyo pana kipande cha mpira kinachozuia chuma kisigonge chuma. Tuseme nafasi hiyo ilikuwa inchi 3 na nusu. Kimo kikipunguzwa kwa inchi 2, inabaki inchi 1 na nusu. Springi ikibonyea kama ilivyokuwa ikibonyea zamani, shimo lile lile litaimaliza nafasi yote na mkono utaugonga mpira. Ukigonga katikati ya kona, gari likiwa na mwendo wa kasi, gurudumu la mbele laweza kupoteza mshiko kwa ghafla. Kwa hiyo hatuzungumzii starehe tu. Twazungumzia usalama wa dereva na wa yule anayepishana naye.

Sasa tutazame kipimo. Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alichapisha kanuni kwamba badiliko la urefu wa springi hulingana na kani inayoivuta au kuibonyeza. Kutokana na kanuni hiyo, springi hutajwa kwa uzito unaohitajika kuibonyeza inchi moja. Springi ya pauni 300 kwa inchi, ambayo kwa mfumo wa metriki ni takriban nyutoni 53 kwa milimita, hubonyea inchi 1 chini ya pauni 300 na inchi 2 chini ya pauni 600. Ikibebeshwa pauni 1,800 itabonyea inchi 6.

Tuiondoe springi hiyo, tuweke ya pauni 450 kwa inchi ambayo kabla ya kubebeshwa ina urefu ule ule. Chini ya pauni zile zile 1,800 itabonyea inchi 4 tu. Springi mpya, basi, inasimama inchi 2 juu zaidi kuliko ya kwanza. Tena springi haikai kwenye gurudumu lenyewe, bali mahali fulani juu ya mkono. Tukichukulia kuwa imekaa katikati ya mkono, inchi 2 za springi ni inchi 4 za gurudumu. Mtu aliyenuia kupunguza kimo amekiongeza, tena kwa kiasi cha kuonekana na kila apitaye njiani.

Kumbe springi aliyoihitaji ilikuwa na sifa mbili tofauti: iwe yenye kukataa kubonyea, na tena iwe fupi kabla ya kubebeshwa. Sentensi yetu ilitaja sifa ya kwanza tu. Mfasiri akiitaja kwa neno lenye ukungu, msomaji hana njia ya kugundua kwamba kuna sifa ya pili, wala hawezi kupiga hesabu fupi kama hiyo tuliyoipiga.

Ugumu

Ugumu ni neno la kila siku lenye matumizi mengi. Swali ni gumu, mkate ni mgumu, na moyo wa bahili ni mgumu. Katika elimu ya vyuma, ugumu ni uwezo wa uso wa kitu kukataa kuingiliwa au kukwaruzwa. Mwaka 1900 Johan August Brinell wa Uswidi alitangaza njia ya kuupima kwa kukandamiza kigololi juu ya chuma na kupima alama inayobaki.

Mtu akisoma tafsiri (a), ana haki kabisa ya kutafuta springi ya chuma kigumu zaidi. Lakini hataongeza kitu kwa kufanya hivyo. Tuchukue springi mbili zenye unene mmoja wa waya, upana mmoja na mizunguko sawa kwa idadi. Hata kama moja imepashwa moto na kuzimwa mafutani ikawa ngumu kuliko mwenziwe, zote mbili zitabonyea karibu sawa chini ya mzigo mmoja. Kinachobadili springi ni umbo lake. Waya ikinenepa kwa asilimia 10, pauni kwa inchi zaongezeka kwa asilimia 46 hivi. Upana wa mizunguko ukizidi, pauni kwa inchi hupungua. Mizunguko ikipungua kwa idadi, huongezeka. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ikikatwa mmoja, inakuwa kakamavu zaidi kwa asilimia 14. Kwa hiyo mwenye kukata springi ili gari liiname amebadili mambo mawili kwa msumeno mmoja, ilhali alidhani amebadili moja.

Uimara

Uimara ni uwezo wa kitu kubeba mzigo pasipo kuvunjika wala kubaki kimepinda. Hii nayo ni sifa nyingine kabisa, na mfano wa karakana unaitenga vizuri. Wako watu wanaoipasha springi moto wa gesi mpaka ikalala, wakaridhika kwamba gari limeshuka. Walichofanya ni kuharibu matayarisho ya chuma kile. Katika mwendo mdogo springi hiyo bado inahitaji karibu pauni zile zile kwa kila inchi, lakini ikipata mzigo mkubwa haitarejea tena urefu wake. Uimara umepotea, ukakamavu umebaki. Lugha isiyoyatenga maneno haya mawili haiwezi kueleza kwa nini kitendo hicho ni cha hatari.

Lipo kosa jingine katika “imara”. Ni neno la sifa. Umoja imara, nyumba imara, imani imara: hakuna anayetaka kitu kisicho imara. Mfasiri akiliweka badala ya kipimo, anamwambia msomaji, bila kukusudia, kwamba kadiri springi inavyozidi ndivyo inavyokuwa bora. Sivyo. Wanaoshindana kwa mwendo wa mstari mmoja mfupi mara nyingi hutaka springi za mbele zinazobonyea upesi, ili pua ya gari ipande wakati wa kuondoka na uzito uhamie kwenye magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Mwenye kutafuta wepesi wa kona hutaka kinyume chake. Neno la kipimo lisisifu wala lisilaumu. Liseme kiasi tu, na uchaguzi uachiwe mwenye gari.

Nguvu

Tafsiri (c) ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu ndiyo inayoonekana kueleweka zaidi. Springi yenye nguvu, kwa msomaji wa kawaida, ni ya kubeba mzigo mkubwa. Kiwandani springi za mbele zilichaguliwa kwa kufuata uzito wa injini na vifaa vya gari. Camaro yenye injini ya inchi 396 za ujazo ilikuwa na pua nzito kuliko yenye injini ya silinda 6. Mwenye gari jepesi akifuata neno “nguvu”, atanunua springi za gari zito, na pua ya gari lake itainuka. Ushauri wa maana ungekuwa kwamba apime kwanza uzito ulio juu ya magurudumu ya mbele, hasa ikiwa injini imebadilishwa tangu gari lilipotoka kiwandani.

Pendekezo na pingamizi zake

Sisi tunapendekeza ukakamavu. Kukakamaa ni kuwa kavu na kutokunjika upesi: ngozi iliyoanikwa hukakamaa, na kamba ya meli ikilowa maji ya chumvi na kukauka hukakamaa. Katika mifano hiyo kiini ni kimoja, yaani kitu kukataa kubadili umbo kinaposukumwa. Hicho ndicho kinachopimwa kwa pauni kwa inchi.

Pingamizi la kwanza ni kwamba ukakamavu umekwisha kuchukuliwa na wakufunzi wa askari na wa michezo, kwa maana ya wepesi na uhodari wa mwili. Twakubali kwamba matumizi hayo yamekwisha kuenea. Lakini sayansi haiogopi kushirikiana neno na watu. Kazi ni neno la shamba na ofisi, na mwanafunzi wa fizikia hulitumia kwa kani mara umbali bila kupotea njia. Kinachomlinda ni kipimo kinachoandamana na neno.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ngozi iliyokakamaa haidundi, na springi lazima irudi. Je, neno hilo haliondoi roho ya springi? Jibu letu ni kwamba kurudi ni sifa ya pekee, nayo ina jina lake: unyumbufu. Mpira ni nyumbufu lakini si kakamavu. Udongo mkavu ni kakamavu lakini si nyumbufu. Unga uliokandwa hauna moja wala jingine. Springi ya gari yahitaji sifa zote mbili, na kuzipa jina moja ni kuficha nusu ya kazi yake.

Pingamizi la tatu latoka kwa mafundi, ambao husema “springi ngumu” na kuelewana vizuri. Hatuna nia ya kuwasahihisha. Fundi anaposema hivyo springi iko mbele yake, na anayesikia aweza kuigusa. Msomaji wa kitabu hana springi mbele yake. Amepewa neno tu. Kwa hiyo usemi wa karakana ubaki karakanani kwa heshima zake, na maandishi ya kuagizia vitu yatumie neno lililofungwa kwa kipimo.

Twaongeza neno moja la jirani. Springi ikibadilishwa, shokapu nayo sharti iangaliwe, kwa kuwa ndiyo inayotuliza mchezo wa springi, na springi kakamavu zaidi yahitaji shokapu yenye kuzuia zaidi inaporudi. Baadhi ya tafsiri huiita kifyonza mshtuko. Jina hilo limefuata jina la kigeni ambalo lenyewe lina udanganyifu, kwa sababu anayepokea mshtuko kwanza ni springi. Mpaka litakapopatikana jina linalotaja kutuliza, afadhali tubaki na shokapu, ambalo halidai kueleza lolote.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza maana hizi zifuatwe katika maandishi ya ufundi:

Ugumu: uwezo wa uso wa kitu kukataa kuingiliwa au kukwaruzwa, hupimwa kwa alama inayobaki.
Uimara: uwezo wa kubeba mzigo bila kuvunjika wala kubaki kimepinda, hupimwa kwa mzigo wa mwisho kinaoustahimili.
Ukakamavu: uwezo wa kukataa kubadili umbo, kwa springi hupimwa kwa kani kwa kila kipande cha urefu, kama vile pauni kwa inchi au nyutoni kwa milimita.
Unyumbufu: uwezo wa kurudia umbo la kwanza baada ya mzigo kuondolewa.
Urefu mtupu: urefu wa springi kabla ya kubebeshwa mzigo.

Sentensi yetu sasa yaweza kuandikwa hivi: “Ukipunguza kimo cha gari la nguvu la zamani, chagua springi za mbele zilizo kakamavu zaidi.” Ikiwa maagizo yanamlenga mnunuzi, mfasiri amwombe mwandishi tarakimu mbili, ya ukakamavu na ya urefu mtupu, na aziweke palepale. Huko si kuongeza maneno yasiyokuwamo. Ni kudai kilichokuwa kimefichwa na mazoea ya lugha ya kwanza.

Kwa watumishi wa serikali jambo hili si la magari ya Marekani peke yake. Ofisi inayotangaza zabuni ya springi za malori, ya boriti za daraja au ya mabomba ya plastiki, ikaandika kwamba vitu viwe “imara”, imefungua mlango kwa wauzaji wawili kuleta vitu viwili tofauti na wote wakawa na haki mbele ya maandishi. Kwa walimu wa ufundi, kanuni ya kufundisha ni nyepesi: mwanafunzi akitaja sifa ya kitu, aulizwe inapimwa kwa nini. Akijibu kwa alama ya kigololi, ni ugumu. Akijibu kwa mzigo wa mwisho, ni uimara. Akijibu kwa pauni kwa inchi, ni ukakamavu.

Kwa wafasiri twasema hivi: kabla ya kufungua kamusi, tafuteni kipimo katika matini ya asili. Neno lisiloweza kusimama mbele ya kipimo chake halijawa istilahi bado. Maoni ya wasomaji juu ya ukakamavu, hasa ya mafundi na ya walimu wa vyuo vya ufundi, tutayapokea kwa shukrani. Mwenye neno bora zaidi na alilete, pamoja na sentensi ya kazi ambayo litajaribiwa ndani yake.